Shokapu za Gari ya Mwalimu Salha

Vijana wa gereji, siku mliponipikia pilau la kuniaga mliniomba niandike yale niliyojifunza kuhusu shokapu kabla sijayasahau. Nimechelewa, kwa sababu kumbe mtu aliyestaafu hana muda. Asubuhi natumwa sokoni, mchana natumwa kurudisha nilichokosea kununua. Leo nimepata daftari na kalamu inayoandika. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitaandika, kwa sababu hayo hayakazi nati.

Nilianza kazi Malindi ya hapa Unguja mjini, karibu na bandari, kwa Fundi Vuai. Alikuwa mzee wa Makunduchi, mwembamba, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa shati jeupe, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza gerejini. Hakunipa spana. Alinipa shokapu kuukuu ya lori, akanionyesha kibao cha kukalia, akaniambia nisukume na nivute. Nikasukuma na kuvuta mpaka adhuhuri. Akaja kuniuliza imeniambia nini. Nikamjibu haijaniambia kitu. Akasema, "Basi endelea," akaenda kusali.

Aliporudi alinipa shokapu nyingine, mpya, ya gari ileile. Nilipoisukuma tu nikaelewa. Hii mpya ilikwenda kwa uzito mmoja tangu juu mpaka chini, kama mkono unaozama ndani ya asali. Kuivuta kulikuwa kuzito zaidi kuliko kuisukuma. Ile kuukuu ilikuwa na mahali, katikati ya safari yake, ambapo mkono ulianguka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Nilikuwa nimeanguka pale asubuhi nzima bila kujua kwamba nnaanguka. Mikono ilikuwa imeshaniambia, ila mimi sikuwa na cha kulinganisha. Ndiyo maana mpaka leo nawaambia msimpe mtu shokapu mbovu kabla hajashika nzima.

Jioni ile Fundi Vuai aliikata ile kuukuu kwa msumeno tukaona ndani. (Zile zenye gesi msizikate namna hii. Zina nguvu ya kumtoa mtu jicho.) Nilitarajia kukuta mashine. Nikakuta oili nyeusi, fimbo ya chuma, na mwishoni mwa fimbo kipande kama kifuniko cha chupa, kina tundu chache ndogo, zimefunikwa na visahani vya chuma vyembamba kama karatasi. Basi. Tairi ikipanda tuta, fimbo inasukumwa, oili inalazimishwa kupita kwenye zile tundu, haitaki, inapita shingo upande, na gari inatulia. Nilimwuliza nguvu ya lile tuta inakwenda wapi. Kesho yake tulikwenda na gari ya mteja kwenye barabara ya mawe, tukarudi, akanishika mkono akauweka juu ya shokapu. Nikautoa mbio, kwa kuwa ilikuwa ya moto. Mashimo yote tuliyoyapita yalikuwa yamegeuka joto mle ndani. Nimefanya kazi hii mpaka mvi zikaniota, na kila nikigusa shokapu iliyotoka safarini bado nasema Subhanallah moyoni. Mtu alikaa akafikiri kwamba mtikisiko unaweza kugeuzwa uvuguvugu, akaufungia ndani ya kopo.

Kuna jambo moja wateja watawachanganyia maisha yenu yote. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Gari ikikaa chini mno au juu mno, tazameni springi. Ikipita tuta ikabaki inapanda na kushuka kama mtumbwi, tazameni shokapu. Ikipiga kelele tu, tazameni raba na bushi zinazoshika maungio kwanza kabla hamjamtia mtu kwenye gharama.

Fundi Vuai alikuwa na namna yake ya kujaribu gari. Alikaa kiti cha abiria, akavua viatu, akaweka nyayo kwenye bati la sakafu, akamwambia mwenye gari aendeshe. Hakutazama barabara. Akirudi anasema shokapu ya nyuma kushoto, au bushi ya mbele kulia, na hakukosea ila mara moja, siku aliyokuwa na homa. Nilimwona akifanya hivyo kwenye teksi, kwenye malori ya karafuu, kwenye gari za wakubwa. Nyayo za mtu zinajua mengi, na sisi tumezifungia ndani ya soksi.

Kazi iliyonifundisha kutoka nje ya gereji ilikuwa ya pikapu moja ya kubeba mwani kutoka pwani ya mashariki. Kila baada ya muda mfupi shokapu zake za nyuma zilivuja. Nikabadilisha, zikavuja, nikamlaumu muuza spea. Fundi Vuai akanichukua mpaka kwenyewe, tukakaa chini tukatazama akina mama wakipakia. Mwani ulikuwa mbichi, unatiririka. Maji ya chumvi yalipita kwenye ufa wa bodi yakadondokea moja kwa moja juu ya fimbo za shokapu. Chumvi inakula fimbo, kutu inakuwa kama msasa, fimbo inapanda na kushuka inachana sili, oili inatoka. Dawa ilikuwa kipande cha turubai na kuziba ule ufa. Kuanzia siku ile sikuuliza tena gari ni ya aina gani kabla sijauliza inakwenda wapi, na imebeba nini.

Niliposimama mwenyewe pale Bububu, gari zilishaanza kuja kutoka Japani kwa wingi, na ndani yake zikaja hizi mnazoziita koilova. Shokapu na springi yake vimevaana, mwili wake una nyuzi kama boliti kubwa, na kuna nati ya kuzungusha ili gari ikae juu au chini. Wateja wake wa kwanza walikuwa vijana waliotaka gari ilale chini hata paka asipate kupita. Niliwafungia, wakafurahi, wakapiga picha ufukweni, halafu wakaja kunilalamikia kwamba tuta limewavunjia bampa. Tuta halikuwa limesogea. Nikawa nawashangaa, na kwa muda mrefu nikadhani koilova ni vazi la ujana tu. Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni Mwalimu Salha, naye ndiye hasa niliyekaa kuandika habari zake.

Mwalimu Salha alifundisha hesabu mjini mpaka akastaafu. Anakaa Chukwani. Ni mwanamke mdogo wa umbo, anavaa miwani yenye kamba, na husema kila neno mpaka mwisho wake. Katika maisha yake yote ya kazi alitaka kitu kimoja, gari ya spoti ya watu wawili, ile inayofunguka paa. Watoto walipokwisha kusomeshwa akainunua, kuukuu, ya buluu, kutoka Japani. Ilipoingia gerejini kwangu niliona kwanza gari ndogo kama kiatu, halafu nikaona mtu aliyeko ndani anazidi kidogo usukani. Nikamsalimia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa kwangu kwa miaka michache na kwa elimu nyingi. Akaitikia marahaba, akateremka akishika kiuno.

Tatizo lilionekana kabla sijainama. Mwenye gari wa kwanza huko Japani alifunga koilova za kushindania mbio, springi ngumu kama nguzo, gari imelala chini. Barabara ya mbio haina matuta. Unguja tunayo ya kutosha. Mwalimu Salha kila wiki huenda Mkokotoni kumtazama dada yake, na kila akirudi mgongo unamlaza siku mbili. Daktari alikuwa ameshamwambia achague baina ya mgongo na gari. Mwanawe Idrisa alikuwa ameshamtafutia mnunuzi. Aliniambia yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma swali la mtihani, kisha akaniuliza kama lina jibu.

Nikamwuliza ninayoyauliza siku zote. Unakwenda wapi, na nani, umebeba nini? Akasema peke yake, mkoba, na wakati wa kurudi ndoo ndogo ya samaki. Halafu akatoa daftari.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Alikuwa amepima matuta. Yote, kutoka nyumbani kwake Chukwani mpaka Mkokotoni. Alisimamisha gari kando, akateremka na rula ya ubaoni na uzi wenye kijiwe, akaandika urefu wa kila tuta kwenda juu na upana wake, na mahali lilipo: mbele ya skuli, karibu na msikiti, penye muuza madafu. Pembeni alichora umbo, lipi limeviringana na lipi lina kona. Nilimwuliza watu walisemaje wakimwona. Akasema walidhani ametumwa na serikali, wakamlalamikia habari ya maji. Nimekaa na mafundi waliosomea nje, nimefungua vitabu vya viwanda vyenye michoro ya rangi, na hakuna aliyewahi kuniletea barabara mkononi namna ile. Fundi mwenye daftari lile hana sababu ya kubahatisha.

Basi tukachagua pamoja. Nawaandikia tulivyochagua, mkipata gari ya namna hii mfuate. Kwanza tulitazama tuta refu kuliko yote katika daftari, tukajua tumbo la gari linatakiwa likae juu kiasi gani. Pili, kuna koilova ambazo ukizungusha nati unashusha springi tu, na shokapu inabaki na safari fupi ya kwenda chini, ikifika mwisho inagonga. Na kuna zile ambazo mwili mzima unarefuka na kufupika kutoka kwenye kitako chake, safari ya fimbo inabaki ileile. Tulichukua hizi za pili. Tatu, springi. Gari nyepesi inataka springi laini, na muuzaji atakayewaambia kwamba ngumu ndiyo bora mwulizeni yeye anaendesha wapi. Nne, kile kitufe cha juu cha kukazia na kulegeza, kinachozungushwa kwa bisibisi na kulia tiki moja moja, kiwe kinafikika bila kuvua tairi. Tano, chumvi. Nyuzi za koilova hula kutu hapa kisiwani mpaka nati isizunguke tena, basi nilizipaka grisi na kuzivisha mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa kama soksi.

Zilipofika nikafunga. Raba za juu mpya, bushi mpya, mbele na nyuma kwa jozi. Nikaijaribu mwenyewe, kama ninavyojaribu kila gari, na boksi langu la spana nikaliweka kiti cha abiria. Nikaenda mpaka Mahonda na kurudi. Nikazungusha tiki mbili huku, tatu kule, nikapima urefu, nikarudi barabarani. Wallahi gari ile ilikuwa inateleza. Nilitoka ndani nikaizunguka mara mbili nikiitazama kama mtu aliyejenga msikiti. Nikampigia simu mwenyewe, akaja akaichukua.

Kesho yake asubuhi alirudi, na akashuka akishika kiuno.

"Inaniruka, Fundi Makame," akasema. "Haigongi tena, hilo nashukuru. Lakini inaniruka. Mbele inatazama mbinguni, na kila tuta linanirusha kitini."

Nikamjibu neno ambalo nalijutia mpaka leo. Nikamwambia, "Utaizoea, Mwalimu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nimefundisha hesabu maisha yangu," akasema taratibu. "Mtoto akikosa jibu, sikumwambia hata siku moja kwamba ataizoea."

Halafu akaniambia kwamba yule mnunuzi anakuja na boti Jumamosi, kutoka Dar. Alishamwahidi Idrisa kwamba ikifika siku hiyo na mgongo bado unauma, ataiuza bila ya kununa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Hakunilaumu. Aliacha ufunguo juu ya meza, akaenda zake, na mimi nikabaki nimekaa na gari niliyoisifu.

Usiku nikamsimulia mke wangu, Mwanaisha, ambaye hajui spana namba nane wala kumi lakini amenisikiliza miaka yote hii. Nikamweleza jinsi gari ilivyokuwa ikiteleza mikononi mwangu. Akaniuliza kama nilikaa na Mwalimu ndani akiwa anaendesha yeye.

"Ningekaa naye vipi? Gari ya watu wawili ile."

"Basi gari yake hujaiona," akasema. "Umeiona yako."

Nilielewa kwa mara moja, na niliona aibu. Nyinyi mnajua desturi yetu. Mwanamke akileta gari na nikataka kuisikia akiwa anaendesha mwenyewe, anakuja na nduguye au mwanawe, mimi nakaa nyuma, tunakwenda. Hakuna anayelisemea, ndivyo watu wanavyostahiana. Gari ya viti viwili haina nyuma. Basi bila ya kufikiri niliruka hatua ile, nikaijaribu kwa mwili wangu. Mimi nakaribia kilo mia. Ongeza boksi la spana. Mwalimu Salha na mkoba wake hawafikii hata nusu ya hapo. Kwenye lori tofauti hiyo ni sawa na inzi. Kwenye gari nyepesi kama ile ni springi nyingine kabisa, ni tiki nyingine, ni urefu mwingine. Nilikuwa nimeshona nguo kwa kipimo changu nikamvisha yeye, halafu nikamwambia ataizoea.

Asubuhi nikampigia kumwomba radhi, nikamwomba aje, na nikamwambia mke wangu atakuwapo. Tukaanza na uzito. Jirani yangu ananunua vyuma chakavu, ana mizani kubwa. Mwalimu akapanda pale juu, baina ya feni mbovu na mlango wa friji, amesimama wima na mkoba mkononi, akaisoma namba mwenyewe akaiandika. Akamgeukia Mwanaisha. "Na wewe panda, bibie, usinicheke tu." Mwanaisha akakataa kwamba hapimwi mbele ya fundi. Nikageuka nikatazama ukuta. Namba yake sikuambiwa, ila ilikuwemo daftarini.

Wakaingia ndani ya gari wote wawili, mimi nikabaki nje. Nikalegeza boliti za bushi za chini, nikaitikisa gari ikae, ndipo nikazikaza. Hili lishikeni sana. Ukikaza bushi gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki, raba inajikunja siku unapoishusha, na inabaki imejikunja maisha yake yote, inavuta. Zikazeni gari ikiwa imesimama kwa miguu yake na imebeba watu wake. Kisha Mwanaisha akashuka, nikapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, Mwalimu akiwa peke yake ndani, nikazungusha nati mpaka pua ya gari ikarudi duniani.

Halafu nikakata pete nyembamba za raba, nikavisha moja kila fimbo ya shokapu, nikazisukuma zikae juu kabisa ya mwili. Fimbo ikizama, mwili unaisukuma pete. Fimbo ikirudi, pete inabaki pale ilipofikishwa. Ni kama mtu aliyekaa mle chini na chaki. Mwanaisha akapanda tena, nikamwomba avue viatu na aweke nyayo kwenye bati, aniambie anachokisikia kwa maneno yake, asijisumbue na ya kwetu. Wakaondoka kuelekea Mahonda, mimi nyuma yao kwa pikipiki, na gereji nzima imesimama barabarani ikitazama.

Waliporudi Mwanaisha akasema mbele ni kama mtu anayeteremka ngazi kwa visigino, nyuma ni kama anayesukumwa na mtu mwenye haraka. Nikainama na tochi. Pete za mbele zilikuwa zimesogea kidole kimoja na nusu tu. Safari yote ile ya fimbo ilikuwa haitumiki, shokapu imejikaza, inamrudishia Mwalimu kila tuta kiunoni. Nikalegeza mbele tiki tatu, nyuma mbili. Wakaenda tena. Mwalimu akaandika. Pete zikasogea zaidi, Mwanaisha akasema zile ngazi sasa zina zulia. Nikalegeza nyuma tiki moja zaidi. Mara ya tatu walichelewa kurudi, nikaingiwa na wasiwasi. Kumbe walisimama kununua machungwa, wanacheka mambo yao.

Nikainama kwa mara ya mwisho. Mbele, pete zilikuwa zimefika kidole kimoja kabla ya mwisho. Nyuma vilevile. Mwalimu akafungua daftari, akanionyesha tuta kubwa la njia ile kwa urefu wake, akahesabu kwa kalamu, na kidole kile kimoja kilichobaki kikatokea kwenye karatasi yake kabla sijamwambia nimekiona wapi. Nilibaki nimechuchumaa pale chini na tochi yangu. Barabara, mwili wa mtu, mafuta yanayopenya kwenye tundu, raba ya baiskeli na hesabu za darasa la saba, vyote vimekubaliana mpaka kwenye kidole. Mambo kama yale mtu hayaoni mara nyingi, na nilifurahi kwamba nimeyaona kabla sijavua ovaroli.

Lakini mgongo nisingeweza kuuona na tochi. Nilimwuliza anajisikiaje. Akasema ataniambia akisha kwenda Mkokotoni. Alikwenda Alkhamisi. Hakupiga simu. Ijumaa nikasali, nikala, nikatazama simu. Hakupiga.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, wakaja gerejini watu watatu kwa gari mbili. Mwalimu Salha katika ile ya buluu, na Idrisa na mgeni wake nyuma kwa teksi. Mgeni alikuwa mtu mwema, mcheshi, mrefu na mnene kunishinda mimi, amevaa miwani ya jua. Aliizunguka gari akaipenda. Akauliza kama anaweza kuijaribu. Mwalimu akampa ufunguo. Nilimtazama usoni nikatafuta jibu la Mkokotoni, sikulipata. Mgeni akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, akajikunja, akaingia. Idrisa naye, ambaye si mdogo, akaingia upande wa pili. Gari ikainama kwa adabu. Wakaenda.

Tulisikia tuta la kwanza kutoka pale tulipokaa. Lilisema gu. La pili nalo gu. Wakageuza.

"Bwana fundi," mgeni akasema akijitoa ndani, "shokapu zimekwisha hizi. Gari imelegea."

Hapo, vijana, ningeweza kukaa kimya. Ningetikisa kichwa tu, mtu yule angepanda boti yake, na mambo yangekwisha. Lakini kazi ni kazi, na mtu akiuliza habari ya shokapu anastahili kujibiwa. Nikamwambia shokapu ni mpya, hazina kasoro. Zimepimiwa mtu mmoja mwepesi. Kwa uzito wake yeye nitainua nati kidogo na kukaza tiki tano, sita, itamkaa vizuri hata yeye, ni kazi ya nusu saa. Akafurahi. Idrisa akafurahi zaidi. Nikachukua bisibisi, nikafungua boneti, nikafika kwenye kitufe cha mbele kulia, na ndipo nikakumbuka kwamba mwenye gari hajasema neno. Nikageuka nikamwuliza.

"Nikaze, Mwalimu?"

"Usiguse," akasema.

Idrisa akasema, "Mama, si tulikubaliana."

"Tulikubaliana kama mgongo unauma. Nimekwenda Mkokotoni na kurudi, na jana nimefua mapazia." Akamgeukia mgeni. "Samahani, mwanangu, umevuka bahari kwa ajili yangu, na leo utakula kwangu. Lakini gari niliyokuwa naiuza ni ile iliyokuwa inaniumiza, na hiyo haipo tena."

Mgeni akacheka, akavua miwani yake ya jua, akaniuliza mimi kama Dar kuna fundi wa namna hii. Nikafunga boneti. Mwalimu Salha akachukua ufunguo, akaingia, akavuta kiti mbele, kikalia mara nyingi kabla ya kufika mahali pake, akateremsha kioo cha kutazamia nyuma akakisawazisha. Idrisa na mgeni wakarudi kwenye teksi. Naye akatoka mbele yao, peke yake, akielekea mjini.